Mifupa Iliyogeuka Jiwe: Watafuta Visukuku Wanatufundisha Nini Kuhusu Imani na Akili?



Wakati wa likizo, baada ya sala ya jumuiya ndogondogo hapa kwetu Isingiro, kijana mmoja wa kidato cha pili alibaki nyuma akaniuliza: "Frateri, darasani tumefundishwa kwamba fuvu la Oldupai lina miaka 1,750,000. Kwenye mafundisho ya kipaimara tuliambiwa Mungu alimuumba Adamu kwa udongo. Sasa kwenye mtihani nijibu nini, na kanisani niamini nini?"

Swali hilo lina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo nzito. Mtu akishazoea kuwa na ukweli mmoja wa mtihani na mwingine wa kanisani, iko siku atachoka kubeba yote miwili na atautua mmoja. Vijana wengi wanaofika chuoni huutua ule wa kanisani, tena kimya kimya, bila kugombana na mtu. Wengine hufanya kinyume chake: huanza kuiogopa elimu kana kwamba ni adui wa roho. Hasara ziko pande zote mbili.

Somo hili linataka kuonyesha kwamba kijana yule hakuwa na haja ya kuchagua. Tutaangalia kwanza kazi ya watu wanaotafuta mabaki ya viumbe wa kale, kuanzia visiwa vya barafu kaskazini ya mbali hadi makorongo ya nchi yetu. Kisha tutauliza, kwa msaada wa falsafa na mafundisho ya Kanisa, mabaki hayo yanasema nini na hayawezi kusema nini.

1. Kisukuku ni nini?

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani sana, iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Inaweza kuwa mfupa, jino, gamba la konokono, jani, hata unyayo. Viumbe walio wengi hufa bila kuacha kitu. Fisi na tai hula nyama, jua na mvua humaliza mifupa. Lakini mmoja katika maelfu hufunikwa upesi na matope ya mto, mchanga wa ziwa au majivu ya volkano. Maji yapitayo ardhini hubeba madini, nayo madini huingia polepole katika vitundu vya mfupa, mpaka mfupa unakuwa mzito na mgumu kama jiwe. Umbo linabaki lile lile, ila kilicho ndani kimebadilika.

Mmoja wa watu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa utaratibu ni mtu wa Kanisa. Niels Stensen alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, akawa daktari na mchunguzi wa miili. Mwaka 1666, akiwa Florence nchini Italia, alipasua kichwa cha samaki papa mkubwa. Aliona kwamba meno ya samaki yule yalifanana kabisa na vijiwe vyenye umbo la ulimi vilivyokuwa vikiokotwa milimani. Wakati huo wengi waliamini kwamba vijiwe hivyo vilianguka kutoka mbinguni au viliota ndani ya mwamba. Stensen aliamua kwamba vilikuwa meno ya kweli ya papa wa kale, na kwamba milima ile iliwahi kuwa chini ya bahari.

Mwaka 1669 alitoa kitabu chenye kanuni inayotumika hadi leo: tabaka za mwamba zilizolala bila kuvurugwa ni kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Mkeka wa chini ulitandikwa kwanza, wa juu ulitandikwa mwisho. Stensen aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akapewa upadri mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Kwa hiyo anayesema kwamba kuchunguza mawe ya kale ni kazi ya wasioamini, kwanza azungumze na Mwenyeheri huyu.

2. Kutafuta si kubahatisha

Watu wengi hudhani mtafuta visukuku ni mtu wa bahati: anatembea, anajikwaa, anaokota fuvu. Kweli bahati ipo, lakini kabla ya bahati kuna hoja. Mtafutaji hujiuliza maswali matatu. Je, mwamba huu una umri unaolingana na kiumbe ninayemtafuta? Je, ni mwamba wa tabaka, yaani uliotokana na matope na mchanga uliotulia, au ni mwamba uliopikwa na moto wa ardhini ukapoteza kila alama? Je, uko wazi, pasipofunikwa na msitu, shamba au udongo mzito?

Mfano mzuri unatoka kaskazini ya mbali. Watafiti Neil Shubin, Edward Daeschler na Farish Jenkins kutoka Marekani walitaka kujua jinsi wanyama wa majini walivyoanza kuwa na viungo vya kuwawezesha kujiinua kwenye nchi kavu. Visukuku vilivyojulikana tayari viliwaonyesha kwamba mabadiliko hayo yalitokea yapata miaka milioni 380 hadi 365 iliyopita. Basi wakatafuta kwenye ramani za miamba: ni wapi duniani kuna mwamba wa umri huo, uliotokana na mito ya kale, na ulio wazi? Ramani ikawaelekeza Kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na barafu, miti haioti, na dubu weupe huzunguka.

Walianza safari hizo mwaka 1999. Kazi ilifanyika wiki chache tu za kiangazi, kwa sababu miezi mingine baridi na giza havimruhusu mtu kuchimba. Walirudi zaidi ya mara moja bila kupata walichokitaka. Mwaka 2004 wakaona pua ya samaki bapa imejitokeza kwenye jabali. Alikuwa na magamba na mapezi kama samaki, lakini alikuwa pia na shingo, na ndani ya mapezi yake mlikuwa na mifupa inayolingana na ya bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Wazee wa Kiinuiti wa eneo hilo waliombwa kumpa jina, wakamwita Tiktaalik, kwa maana ya samaki mkubwa wa maji baridi. Umri wake ni miaka milioni 375 hivi. Na jambo la kushangaza: wakati samaki huyo akiishi, ardhi ile haikuwa kwenye barafu. Ilikuwa karibu na ikweta, yenye joto na mito, kwa sababu mabara husogea polepole juu ya uso wa dunia.

Kwa mwanafunzi wa falsafa, hapa kuna somo la mantiki. Watafiti hawakuanza na mfupa halafu wakatunga hadithi ya kuufaa. Walianza na hoja, wakasema kabla ya kuona: "Kama mawazo yetu ni sahihi, kiumbe wa namna hii lazima apatikane katika mwamba wa namna hii." Kisha wakaenda kutazama. Hoja iliyokubali kupimwa kwa njia hiyo, nayo ikapita, inastahili heshima.

Sasa tuilete hoja hiyo nyumbani. Je, tunaweza kuchimba visukuku katika milima ya Kyerwa na Karagwe? Wanajiolojia huiita miamba yetu, pamoja na ndugu zake wa Uganda na Rwanda, kwa jina la Karagwe-Ankole. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 1. Wanyama wenye magamba magumu na mifupa walianza kuonekana kwa wingi duniani miaka milioni 540 hivi iliyopita. Kwa hiyo mchimbaji mdogo wa bati hapa Kyerwa, anapogonga jiwe kwa nyundo, anagonga kitu kilichokuwepo kabla mnyama yeyote hajawa na mfupa. Hata akichimba maisha yake yote, hatakuta fuvu ndani ya mwamba ule. Hiyo haina maana kwamba nchi yetu haina historia. Kandokando ya mto Kagera, kwa mfano Nsongezi upande wa Uganda, watafiti wamekusanya zana nyingi za mawe zilizochongwa na watu wa kale. Zana hizo zimo katika udongo na kokoto za mto, si katika mwamba wa mlima. Kila mahali pana ushahidi wake, na mwenye hekima hujua aulize nini wapi.

3. Ushahidi ulio nyumbani kwetu

Tanzania ni moja ya nchi zilizobarikiwa sana kwa ushahidi wa namna hii. Huko Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmoja wao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Waliochimba na kubeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani.

Tukienda kaskazini, tunalifikia Korongo la Oldupai katika eneo la Ngorongoro. Daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika hapo mwaka 1911, na Hans Reck akafuata mwaka 1913. Louis Leakey alianza kazi yake hapo mwaka 1931. Hesabu basi, ndugu msomaji: tarehe 17 Julai 1959 ndipo Mary Leakey alipoona kipande cha mfupa kimejitokeza kwenye mteremko, wakati mume wake Louis akiwa amelala kambini kwa homa. Kilikuwa fuvu la zamadamu waliyempa jina la Zinjanthropus. Ilichukua miaka 28. Fuvu hilo linatunzwa leo katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kusini mwa Oldupai kuna Laetoli. Mwaka 1976 watafiti walikuwa wakitaniana kwa kurushiana vipande vya kinyesi kikavu cha tembo. Andrew Hill, alipokuwa akikwepa, alianguka na kuona karibu na macho yake alama za nyayo za wanyama kwenye mwamba wa majivu. Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za zamadamu waliotembea kwa miguu miwili, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi, wakapita, na majivu mengine yakafunika. Baada ya kuchunguzwa, nyayo hizo zilifukiwa tena ili zisiharibike. Mwaka 2016 Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza nyayo nyingine zilizopatikana hapo hapo Laetoli, karibu na zile za kwanza.

Tusimsahau pia Kamoya Kimeu, jirani yetu wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Alianza kama kibarua wa kuchimba katika kazi za akina Leakey, akawa mtafutaji hodari kuliko wengi wenye shahada. Mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu karibu na Ziwa Turkana. Kipande hicho kilileta mifupa karibu yote ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa na jicho lililofunzwa na subira. Subira huvuta heri, na katika kazi hii methali hiyo ni kanuni ya utafiti.

4. Miaka inahesabiwaje?

Baadhi ya waamini huuliza: "Nani alikuwepo kuhesabu miaka hiyo?" Swali ni halali, na lina jibu. Chukua mshumaa wa Pasaka. Ukijua urefu wake ulipowashwa, ukajua pia unapungua kiasi gani kwa saa, na ukapima kilichobaki, unaweza kusema umewaka kwa saa ngapi hata kama hukuwepo kanisani. Majivu ya volkano yana madini ya potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Mwamba ukiwa bado wa moto na umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa, gesi hunaswa ndani na kuanza kuongezeka. Anayepima kiasi cha potasiamu na cha agoni anajua mwamba ulipoa lini. Mfano wa mshumaa haulingani na jambo hili kwa kila kitu, lakini njia ya kufikiri ni ile ile. Hivyo ndivyo majivu ya Oldupai yalivyopimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 1961.

Sayansi hukosea pia. Mwaka 1912 huko Piltdown, Uingereza, lilitangazwa fuvu lililosemekana kuwa la mtu wa kale sana. Mwaka 1953 ikathibitishwa kwamba ni udanganyifu: fuvu la mtu liliunganishwa na taya la nyani mkubwa na kupakwa rangi. Wengine hulitumia tukio hili kudharau sayansi yote. Lakini tujiulize, nani aliyeufichua udanganyifu ule? Ni wanasayansi wenyewe, kwa vipimo vyao. Elimu inayoweza kujisahihisha haistahili kuabudiwa, wala haistahili kudharauliwa.

5. Sababu mbili hazigombani

Sasa tuingie kwenye kiini cha swali. Je, nikisema mwili wa mwanadamu una historia ndefu katika viumbe waliotangulia, nimekana kwamba Mungu ndiye Muumba?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia kwa kutofautisha sababu ya kwanza na sababu za pili. Mungu ndiye sababu ya kwanza: anavipa vitu vyote kuwepo na uwezo wa kutenda. Viumbe ni sababu za pili: vinatenda kweli, kwa uwezo waliopewa. Kwa Tomaso, Mungu hapungukiwi kitu anapoviachia viumbe vitende. Ni wema wake kuvishirikisha heshima ya kuwa sababu.

Tazama mgomba nyuma ya nyumba yako. Mkungu unapokomaa, tunamshukuru Mungu mezani kwa chakula alichotupa. Vilevile tunasema mama alipalilia, akaweka samadi, akakata majani makavu. Hakuna anayeuliza: "Sasa chagua, ndizi hizi zimetoka kwa Mungu au kwa mama?" Zimetoka kwa Mungu zote, na kwa mama zote, kila mmoja kwa namna yake. Hazigawanywi nusu kwa nusu. Tunaomba mvua kanisani, na tunasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni, bila kuona aibu upande wowote. Kosa la yule anayesema "ni mageuzi, kwa hiyo si Mungu" na kosa la yule anayesema "ni Mungu, kwa hiyo si mageuzi" ni kosa moja: wote wawili wamemfanya Mungu kuwa kibarua mmoja kati ya vibarua, anayegombania kazi na viumbe wake.

Kanisa limesema nini? Mtakatifu Augustino, katika karne ya 5, aliwaonya Wakristo wasizungumze upuuzi kuhusu nyota na viumbe huku wakidai wanayatoa katika Maandiko. Hofu yake ilikuwa ya kichungaji: mtu anayejua mambo hayo akisikia Mkristo anakosea katika lile analoliona kwa macho, atamwaminije kuhusu ufufuko na uzima wa milele? Papa Pio XII, katika waraka Humani Generis wa mwaka 1950, alieleza kwamba utafiti kuhusu asili ya mwili wa mwanadamu kutoka viumbe hai waliotangulia haukatazwi, huku akishika kwamba roho ya kila mtu huumbwa moja kwa moja na Mungu. Aliweka pia tahadhari kuhusu nadharia zinazokana kwamba wanadamu wote wana asili moja, kwa sababu zinagusa fundisho la dhambi ya asili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya mwaka 1965, ukatufundisha kuzingatia aina ya uandishi katika Maandiko ili tuelewe mwandishi mtakatifu alikusudia nini. Na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuzi imevuka hatua ya kuwa dhana tu.

Basi tusome upya Mwanzo sura ya 2. Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi na kumpulizia pumzi ya uhai. Maneno hayo hayakuandikwa ili kutaja muda au kueleza kemia. Yanafundisha kwamba sisi ni wa ardhi, ndugu wa viumbe wengine, na kwamba hata hivyo tuna uhai unaotoka kwa Mungu mwenyewe. Katekisimu inasema vivyo hivyo kuhusu sura ya 3: lugha yake ni ya mifano, lakini tukio linalosimuliwa ni la kweli, lililotokea mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Mfupa wa Oldupai unagusa vumbi. Haujagusa pumzi.

6. Yale ambayo mfupa hauwezi kusema

Katika miaka ya 1920, karibu na ukingo wa kreta ya Kibo kwenye Mlima Kilimanjaro, ulionekana mzoga wa chui uliokaushwa na baridi. Mchungaji Mlutheri Richard Reusch, aliyeupanda mlima huo mara nyingi, aliuona na kuupiga picha. Mzoga ule haukuwa kisukuku, kwa kuwa haukugeuka jiwe. Ulihifadhiwa na baridi na ukavu wa kilele. Lakini unatufundisha jambo. Ushahidi ulisema wazi: huyu ni chui, alifika huku juu, alifia hapa. Alikuja kutafuta nini mahali pasipo na chakula? Mzoga hausemi.

Tomaso wa Akwino anatumia neno la Kilatini lenye maana ya unyayo anapoeleza jinsi viumbe vinavyomwonyesha Mungu. Unyayo, anasema, unaonyesha kwamba mtu amepita, bali hauonyeshi ni nani. Ndiyo maana viumbe vyote vina alama ya Muumba kama unyayo, lakini kiumbe mwenye akili na utashi anayo pia sura yake. Ukisimama Laetoli ukiwa na fikra hiyo, unaelewa vizuri mipaka ya elimu. Nyayo zinatuambia uzito, urefu wa hatua, mwendo wa miguu miwili. Haziwezi kutuambia kama waliopita waliwahi kuahidi, kusamehe au kusali.

Roho yenye akili haiachi kisukuku. Hilo halitokani na udhaifu wa wanasayansi, ambao labda wangechimba zaidi wangeipata. Ni kwa sababu roho si kitu cha kuchimbwa. Akili yetu hushika mawazo ambayo hayana uzito wala urefu: haki, ukweli, namba, umilele. Mtafiti anayesema "nimechunguza mifupa yote na sikuona roho" ni sawa na mtu aliyepima barua kwenye mizani ya kahawa akasema haina upendo ndani yake. Mizani haikukosea. Aliyekosea ni aliyeiuliza swali lisilo lake. Vivyo hivyo mhubiri anayetaka kukadiria umri wa mwamba kwa kuhesabu vizazi vya Biblia ameiuliza Biblia swali lisilo lake.

7. Wajibu wetu

Jambo la kwanza ni kwa sisi waseminari na makatekista. Tusimjibu kijana kwa hasira wala kwa mzaha. Tukimwambia "hayo ni ya shetani", tumemfukuza kwa jina la Mungu. Tukimwambia "hayo ya Biblia ni hadithi tu", tumemfukuza kwa jina la elimu. Kama hatujasoma, tuseme tutasoma, kisha tusome kweli.

Jambo la pili ni kwa wazazi na walimu. Mtoto anayepata alama nzuri katika historia na biolojia hana sababu ya kuona aibu mbele ya altare. Mwambieni kuhusu Stensen. Mwambieni pia kuhusu Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 alieleza kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, huku akiendelea kusoma Misa.

Jambo la tatu ni kwa wote wanaolima, kuchimba visima na kuchimba kifusi. Zana za mawe na mifupa ya kale ni urithi wa taifa, na inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukikuta kitu cha namna hiyo, usikichokoe wala kukiuza. Kiache mahali pake, kwa sababu kikiondolewa kwenye tabaka lake kinapoteza nusu ya habari zake, kisha mtaarifu mtendaji wa kijiji au wa kata.

Jambo la nne linahusu barafu yenyewe. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa zimebaki chini ya 3. Barafu ya Rwenzori, majirani zetu wa kaskazini, nayo inayeyuka. Ndani ya barafu hiyo mna kumbukumbu za mvua, vumbi na ukame wa maelfu ya miaka, na ikiyeyuka kumbukumbu hizo hazirudi. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alituita tuitunze nyumba yetu ya pamoja. Kupanda miti kwenye vyanzo vyetu vya maji hapa Kyerwa hakutarudisha barafu ya Kibo, lakini ni sehemu ya utii huo huo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Soma Mwanzo 2:4-7. Sura hii inafundisha nini kuhusu mwanadamu, na ni maswali gani ambayo haikukusudia kuyajibu?

2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe, kutoka shambani au nyumbani, jinsi Mungu na kiumbe wanavyoweza kuwa sababu ya jambo moja bila kugombana.

3. Kijana wa jumuiya yenu akiuliza jinsi fuvu la Oldupai linavyohusiana na Adamu, nani kati yenu atamjibu, na atamjibu nini?

Mungu aliye asili ya ukweli wote atujalie akili ya kutafuta na moyo wa kusadiki. Tumsifu Yesu Kristo!